Haki ya Aliyefungiwa Mlango Katika Mji Ulioingiwa na Maradhi

Sifa zote njema ni zake Mwenyezi Mungu, Mola wa viumbe vyote, na rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad, na jamaa zake, na sahaba zake. Ama baada ya haya:

Baa la maradhi liingiapo mjini, wenye amri hulazimika kufanya mambo ambayo wakati wa salama yangalikuwa dhulma iliyo wazi. Humzuia mtu asitoke nyumbani kwake, naye hana hatia. Humtenga baba na wanawe. Humfungia soko mtu ambaye chakula chake cha usiku hutoka katika kazi yake ya mchana. Huzuia hata jeneza lisifuatwe na jamaa. Akili na sharia zote mbili zakubali ya kuwa mambo haya yaweza kuwa wajibu. Lakini liko swali ambalo watu huliacha nyuma, nalo ndilo lenye uzito: huyo aliyefungiwa ili wengine wasalimike, ana haki gani juu ya hao waliosalimika? Je, yeye ni mfungwa, au ni mwenye kudai?

Jawabu ni kwamba yeye ni mwenye kudai. Amewakopesha watu wa mji mwendo wake na kazi yake, na mara nyingine amewakopesha hata salama ya nafsi yake, kwani amezuiliwa pale pale palipo na maradhi. Mji usiolipa deni hilo umejijengea salama kwa mali ya mwingine. Wahenga walisema mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi; na hakuna wakati ambapo kanda hilo huonekana jepesi machoni mwa asiyelibeba kuliko wakati wa maradhi.

Asili ya kuzuia

Mtume, rehema na amani zimshukie, amekataza mtu kuingia katika nchi iliyozuka tauni, na amemkataza aliye ndani yake asitoke kwa kuikimbia. Hadithi hii imo katika Bukhari na Muslim. Na karibu na mwaka 18 wa Hijra, yaani 639 wa Miladi, Sayyidna Umar bin Khattab alikuwa njiani kwenda Sham. Alipofika Sargh alipewa khabari kuwa tauni imezuka huko, akarudi. Abu Ubayda alimuuliza kama anaikimbia qadari ya Mwenyezi Mungu, naye akamjibu kuwa aikimbia qadari kuiendea qadari nyingine, akampigia mfano wa mchunga ngamia aliyeshuka bondeni akakuta upande wenye malisho na upande mkavu.

Kisa hiki hutajwa sana ili kuthibitisha kwamba kujikinga hakupingani na kutawakali, na hayo ni kweli. Lakini ndani yake mna jambo jingine lisilotajwa sana. Kabla ya kukata shauri, Umar aliwaita Muhajirina akawauliza, wakakhitalifiana. Akawaita Ansari akawauliza, wakakhitalifiana vile vile. Kisha akawaita wazee wa Kikureshi waliohajiri wakati wa Fat-hi, nao wakaafikiana kuwa arudi na watu. Ndipo akaja Abdulrahman bin Auf, ambaye hakuwako kwa haja zake, akawatolea hadithi ile ya Mtume. Basi Amiri wa Waumini hakuona uzito kuuliza makundi matatu katika jambo la haraka, na elimu iliyotakikana ikatoka kwa mtu ambaye hakuwamo katika walioitwa.

Na baadaye Umar alimwandikia Abu Ubayda kumwita atoke Sham. Abu Ubayda akafahamu ya kuwa makusudio ni kumwokoa yeye na tauni, akataka radhi abaki pamoja na jeshi lake. Akafa kwa tauni hiyo ya Amwas. Hakutaka mlango umfungukie yeye peke yake, na watu wake wamo ndani.

Haki ya kwanza: riziki

Haki ya kwanza ya aliyezuiliwa ni kulishwa. Baladhuri amepokea katika khabari za kufunguliwa kwa miji ya Sham kuwa Umar, alipokuwa akienda Jabiya, alipita kwa watu wa Kinasara wenye ukoma, akaamuru wapewe katika sadaka na wapangiwe chakula chao. Na aangalie msomaji: watu hawa hawakuwa wa dini yake, wala hawakuwa na faida ya kumpa. Walikuwa wagonjwa chini ya ulinzi wake, na hilo lilitosha.

Na katika mwaka 88 wa Hijra, khalifa Walid bin Abdulmalik aliwatenga wenye ukoma, na papo hapo akawawekea riziki ili wasiombe watu. Mambo haya mawili yalikwenda pamoja, kutenga na kulisha, kama mkono na kiganja chake. Nawawi naye, katika sherehe yake ya Sahihi Muslim, amenakili kwa Kadhi Iyadh kuwa mtu ambaye madhara ya jicho lake yajulikana, imamu amzuie asichanganyike na watu na amwamuru akae nyumbani kwake. Na akiwa ni fakiri, ampe cha kumtosha. Hukumu imekuja na nafaka yake.

Sababu yake ni kaida waijuayo wanafunzi wa fikihi, ya kuwa gharama humfuata mwenye kupata faida. Ikiwa faida ya kufungwa mtaa mmoja yaenda mji mzima, gharama yake haiwezi kuwa ya mtaa ule peke yake. Hamali aliyezuiliwa siku kumi na nne hakuzuiliwa kwa ajili yake. Amezuiliwa kwa ajili ya tajiri aliye upande wa pili wa mji. Basi kumwambia akae ndani na kutomwuliza atakula nini ni kumtoza kodi mtu fakiri kuliko wote ili kumlinda aliye tajiri kuliko wote.

Haki ya pili: mpaka uwe wa maradhi, usiwe wa watu

Wanachuoni wa usuli husema hukumu hufuatana na illa yake. Ulevi umeharamishwa kwa kulevya kwake. Rangi ya kinywaji na chombo kilichotiliwa havina athari katika hukumu. Vivyo hivyo kuzuia wakati wa maradhi illa yake ni maradhi, au dhana yenye nguvu ya kuwapo kwake. Anayechora mpaka kwa kabila, au kwa rangi, au kwa ufakiri, ameiacha illa akaishika sifa isiyo na athari.

Katika mji wa San Francisco, Marekani, mnamo Machi 1900 ilionekana maiti ya Mchina mmoja yenye dalili za tauni. Wakuu wa mji wakazungusha kamba mtaa wa Wachina na kuweka polisi. Watu weupe waliokuwamo wakaachwa watoke, na Wachina wakazuiliwa. Kamba ikaondolewa baada ya siku chache, kisha mwishoni mwa Mei ikarudishwa. Mwenye duka mmoja wa Kichina, Jew Ho, akapeleka mashitaka mahakamani, na tarehe 15 Juni 1900 Jaji William Morrow akatoa hukumu juu ya karantini ile. Aliona ya kuwa mpaka wake umepindwa ili nyumba za wasio Wachina ziwe nje, na amri yatumiwa juu ya Wachina tu. Akaona tena ya kuwa kuwafunga pamoja watu zaidi ya elfu kumi, badala ya kutenga zile nyumba zenye maradhi, ni kuzidisha hatari ya kuenea.

Hapa pana fundisho kubwa. Mpaka usio wa haki ulikuwa vile vile mpaka usio na faida, kwani panya na viroboto hawakusoma ile amri. Na gavana wa jimbo naye alishika kukanusha kuwa tauni iko, akiogopea biashara. Baa likakawia mjini humo mpaka 1904, na watu zaidi ya mia wakafa.

Haki ya tatu: khabari, shauri na heshima

Tauni ilipodhihiri Bombay mwaka 1896, serikali ya Kiingereza ilitoa sheria kali mwaka uliofuata. Watafutaji wakaingia majumbani. Wagonjwa wakatolewa kwa nguvu kupelekwa hospitali ambazo watu waliziona kuwa ni nyumba za mauti. Wanawake wa stara wakatazamwa na waume wageni. Matokeo yake yakawa kinyume cha makusudio. Watu wakawaficha wagonjwa wao, na maelfu wakaukimbia mji, wengine wakichukua maradhi pamoja nao. Machi 1898 fujo ilizuka katika mtaa wa wafumaji wa Kiislamu, watafutaji walipotaka kumchukua msichana mgonjwa kwao.

Baada ya misukosuko hiyo njia ililainishwa. Jamaa mbalimbali zikawa na hospitali zao, wagonjwa wakitunzwa na watu wanaojua lugha yao, chakula chao na stara yao. Na Aga Khan wa tatu alijitokeza akachanjwa hadharani chanjo mpya ya Haffkine, ili wafuasi wake waone ya kuwa kiongozi hawaamrishi wengine jambo analoliogopa mwenyewe.

Aliyeficha mgonjwa alifanya kosa, nalo halihalalishwi. Lakini mwenye amri aliyeifanya nyumba ya tiba iogopwe kuliko maradhi yenyewe ana fungu lake katika kosa hilo. Mtu husema kweli kwa anayemwamini, na imani hainunuliwi siku ya baa. Hiyo ni akiba iliyowekwa kabla.

Haki ya nne: kufunguliwa

Illa ikiondoka, hukumu nayo huondoka. Cape Town, mwaka 1901, tauni ilipoingia, wakuu wa mji waliwahamisha maelfu ya Waafrika kwa nguvu kutoka katikati ya mji, wakawapeleka Uitvlugt. Hoja ilikuwa ni afya. Tauni ikesha, lakini watu hawakurudishwa; mwaka 1902 ikatungwa sheria ya kuwaweka huko daima, na mahali hapo pakaitwa Ndabeni. Maradhi yalikuwa ni mlango tu, na dhulma iliyopita mlangoni ilikuja kukaa. Kwa hiyo kila amri ya kuzuia yataka itajwe siku yake ya mwisho, au alama ambayo ikionekana mlango utafunguliwa. Amri isiyo na mwisho si tiba.

Khabari ya Melbourne

Mtu asidhani mambo haya yamepita pamoja na waliopita. Katika mji wa Melbourne, Australia, tarehe 4 Julai 2020, wakati wa maradhi ya korona, serikali ya jimbo ilitangaza alasiri kuwa majumba tisa marefu ya umma, katika mitaa ya Flemington na North Melbourne, yamefungwa tangu saa ile ile. Humo walikaa watu wapatao 3,000, na wengi wao walikuwa wahamiaji na wakimbizi, wakiwamo Waislamu waliotoka Somalia, Eritrea na Ethiopia. Katika mitaa mingine iliyokuwa chini ya amri, mtu aliweza kutoka kwenda kununua chakula. Watu wa majumba yale hawakuruhusiwa kutoka kabisa. Waliposhungulia madirishani waliwaona polisi kwa mamia wameyazunguka majumba, na wengi hawakuelezwa kwa lugha yao kuna nini.

Wako waliokaa bila chakula cha kutosha wala dawa zao. Katika waliowahi kuwafikishia chakula wanachokijua na kukihalalisha ni jumuiya ya Kiislamu ya jirani, Australian Muslim Social Services Agency, ambayo vijana wake waliwajua watu wa ndani na lugha zao. Majumba manane yalifunguliwa baada ya siku tano. La tisa likakaa siku kumi na nne.

Desemba ya mwaka ule, mchunguzi wa malalamiko ya raia wa jimbo hilo, Deborah Glass, alitoa ripoti yake. Hakusema ya kuwa kufunga kulikuwa ni kosa. Alikubali ya kuwa maradhi yalikuwamo na kuzuia kulikuwa na sababu ya afya. Alilolikataa ni kule kufunga papo kwa papo bila ya muda, jambo ambalo hakuona kuwa lilitokana na shauri la waganga, na akahukumu kuwa haki za binadamu zilivunjwa. Akasema pia, kwa maana yake, ya kuwa haifikiriki jumba la matajiri kutendewa vile. Mwaka 2023 serikali ilikubali kuwalipa wakaazi dola milioni 5 za Australia.

Neno lile la jumba la matajiri ndilo mizani. Kila mwenye amri anayetaka kufunga mtaa na ajiulize: Lau maradhi haya haya yangezuka katika mtaa ninaokaa mimi, ningeufunga vivi hivi, saa hii hii, kwa askari hawa hawa? Akiona nafsi yake yasitasita, basi ajue ya kuwa maradhi siyo yanayomwongoza.

Wajibu wa aliyefungiwa

Haki haiendi peke yake. Aliyezuiliwa naye ana wajibu wa kusema kweli juu ya mgonjwa wake, na kutotoroka usiku, na kutomchukia daktari aliyehatirisha roho yake kuja kumtazama. Anayetoka kwa siri akawaambukiza watu amewadhuru, na Mtume amekataza madhara. Na mwenye kusubiri akabaki mahali pake wakati wa tauni kwa kutaraji thawabu, hadithi imempa bishara ya ujira kama wa shahidi. Lakini mwenye amri asiifanye bishara hiyo kuwa ndiyo posho. Thawabu hutoka kwa Mwenyezi Mungu. Unga na maji hutoka kwa watu wa mji.

Shubha mbili na majawabu yake

Huenda akasema mtu: wakati wa baa hapana nafasi ya kushauriana, na mwenye kungoja hufisha watu. Ajibiwe kuwa Umar alishauriana na makundi matatu, na tauni iko mbele yake. Shauri si kungoja mwezi. Ni kumwita imamu wa mtaa, na mkunga, na mkuu wa mahamali, na mzee wa wavuvi, kwa saa moja, na kuwauliza: watu wenu wachota maji wapi, wangapi hula kwa kazi ya siku, nani mgonjwa hawezi kusimama? Saa hiyo moja huokoa siku nyingi za fujo.

Na huenda akasema mwingine: hazina haina kitu. Huyu naye ajibiwe kwa Minhaj ya Nawawi, kitabu kisomwacho katika pwani hii. Humo katika fardhi za kifaya mmetajwa kuondoa dhiki za watu, kama kumvisha aliye uchi na kumlisha mwenye njaa, ikiwa zaka na baitul-mali hazikutosha. Yaani hazina ikikauka, deni halifutiki. Lahamia juu ya wenye uwezo, nao wakinyamaza wote, wote wamepata dhambi. Tajiri aliyelala salama kwa sababu mtaa wa jirani umefungwa, kisha asiulize mtaa ule umekula nini, hana hoja ya kusema kuwa kazi hiyo ni ya serikali.

Khatima

Uadilifu wa siku ya baa huanza kabla ya baa. Kipindupindu kiliupiga mji wa Unguja mwaka 1869 na 1870, na Sayyid Barghash, aliyeshika utawala mwaka huo 1870, alikuja kuleta mjini maji ya chemchemi ya Chemchem kwa mifereji. Mfereji ufikao kwa fakiri kama ufikavyo kwa tajiri ni kinga isiyohitaji askari wa kuilinda. Mji ulioacha mitaa yake mingine bila maji safi wala vyoo, kisha maradhi yakazuka huko, ukawafunga watu wake na kuwalaumu kwa uchafu, umewadhulumu mara mbili.

Basi kila jamaa wa msikiti wasingoje mpiga mbiu. Na waandike leo, katika daftari, nyumba za mtaa wao zinazokula kwa kazi ya siku, na vikongwe wanaokaa peke yao, na wajane, na wageni wasiojua lugha, awe Mwislamu au asiwe. Na waweke akiba ya unga na mchele, na wajue ni nani atakayeuchukua mpaka mlangoni. Siku mlango utakapofungwa, na aliye ndani asikie hodi ya mtu aliyemletea chakula kabla hajasikia kishindo cha anayemzuia kutoka.

Mwenyezi Mungu auepushe mji na kila mji maradhi mabaya, awape wenye amri uadilifu, na awape waliofungiwa subira na faraji. Naye ndiye ajuaye zaidi.